Saini ya barua pepe inakubalika ofisini, ikifika Hamburg inakataliwa

Mhasibu_Moshi
Wakuu, habari za kazi. Niko Moshi, naandaa nyaraka za kahawa inayouzwa nje. Mnunuzi wetu wa Hamburg anataka kila ankara iende kwa barua pepe yenye saini ya S/MIME (saini ya kidijitali inayoonyesha nani katuma na kwamba barua haikuguswa njiani), maana waliwahi kuletewa namba ya akaunti ya tapeli. Nimeweka cheti cha kusainia kwenye Thunderbird, programu yangu ya barua pepe. Nikimwandikia mwenzangu wa meza ya pili, saini inakubalika. Ikifika Hamburg wanaambiwa barua imebadilishwa baada ya kusainiwa. Cheti kina miezi miwili tu, nimekitoa na kukirudisha mara tatu. Malipo ya makontena mawili yamesimama na wakulima wananipigia simu. Naombeni msaada.

Kijana_wa_Kiboroloni
Waambie wapuuze hilo onyo, mbona wanakujua?

Mhasibu_Moshi
Hapana ndugu yangu. Siku tapeli akibadili namba ya akaunti njiani, onyo litakalotokea ni hilihili. Wakishazoea kulipuuza, tumekwisha.

Fundi_Seva
Uko sahihi, mkuu. Na cheti kiache. Kingekuwa kimeisha muda, au anwani iliyomo haifanani na ya mtumaji, lawama ingekwenda kwa cheti. Hapa inalalamikiwa barua yenyewe. Unaposaini, programu inakokotoa alama ya maandishi, siku hizi mara nyingi kwa kanuni iitwayo SHA-256. Ikiongezeka herufi moja tu njiani, alama haioani tena.

Waombe Hamburg waihifadhi barua kama faili la .eml, walifunge kwenye zipu ndipo wakutumie, lisiguswe tena. Kisha, kwa programu ya OpenSSL, andika amri hii:

`openssl cms -verify -noverify -in barua.eml -out mwili.txt`

Hiyo -noverify inaruka ukaguzi wa cheti, inabaki saini na maandishi. Ikikataa, fungua .eml hiyo ubavuni mwa nakala iliyo kwenye folda yako ya zilizotumwa, usome mstari kwa mstari. Je, seva yenu huongeza maneno chini ya barua zinazotoka nje ya ofisi?

Mhasibu_Moshi
Nimeyaona! Mistari minne: "Barua hii ni siri, kama si yako ifute…" Kwangu haimo, kwao imo, ndani kabisa ya sehemu iliyosainiwa. Barua za ndani haziwekewi, ndiyo maana kwa mwenzangu ilipita. Hakuna aliyekumbuka nani aliiweka.

Anayetunza seva ameagiza barua za aina ya multipart/signed, yaani zilizosainiwa, zisiguswe. Tangazo lenyewe nimelihamishia kwenye Thunderbird yangu, liwemo kabla ya kusaini. Nimetuma ankara saa kumi jioni, saa kumi na moja Hamburg wamejibu: saini imekubalika. Nilisimama kitini. Asante sana mkuu.

Fundi_Seva
Safi. Zile za zamani zilizokataliwa zitume upya pia, zisibaki kwenye kumbukumbu zao na saini iliyovunjika.

Mhasibu_Moshi
Ziko kumi na moja. Naanza nazo sasa hivi.