Mjadala: Vijana wa Longido, Simanjiro na tambarare ya Same watengewe nafasi vyuoni, au tatizo liko kwingine?

Mleta hoja, Moshi

Wakuu, salaam. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai na dirisha la udahili hufunguliwa siku hizohizo, kwa hiyo hoja hii tuizungumze sasa, watoto wakiwa bado hawajaanza kuhangaika.

Moshi tuna vyuo vya Ushirika, Mwenge na KCMC cha udaktari. Arusha kuna Uhasibu pale Njiro, Chuo cha Ufundi, Makumira, Maendeleo ya Jamii Tengeru. Vyuo hivi vimezungukwa na wilaya za wafugaji kama Longido, Simanjiro na Same, ambako ukame wa 2009 na ule wa 2022 uliacha maboma matupu. Napendekeza kila kozi itenge nafasi 10 katika kila 100 kwa vijana wa wilaya hizo, na washindanishwe wao kwa wao. Jimbo la Texas kule Marekani lilipitisha sheria ya namna hiyo 1997: anayemaliza ndani ya asilimia 10 ya juu katika shule yake ya sekondari anapata nafasi kwenye vyuo vikuu vya umma vya jimbo, hata kama shule iko kijijini kabisa. Analinganishwa na wenzake wa darasa moja, halinganishwi na mtoto wa shule ya kifahari mjini. Sisi tunashindwa nini?

Wa udahili, Moshi

Mkuu, nia nakuunga mkono, njia ndiyo inanipa shida. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa anayetoka kidato cha sita ni masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwenye D mbili ameshavuka. Ukiacha udaktari, famasia na baadhi ya kozi za uhandisi, kozi nyingi za ualimu, sanaa na biashara hubaki na nafasi hadi awamu ya pili au ya tatu. Kumtengea mtu kiti kwenye ukumbi wenye viti vitupu hakumsaidii.

Vijana wa huko wanapotea baada ya kufaulu, kati ya Julai na Novemba. Fuata karatasi uone. Ombi la mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, linadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo. Fomu inapita kwa serikali ya kijiji kwa sahihi na muhuri, kisha inasainiwa mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Mdhamini naye atoe kitambulisho na picha. Baada ya hapo kila ukurasa uskaniwe na kupakiwa kwenye mfumo. Kata nyingi za Longido hazina wakili hata mmoja, basi kijana anashuka Namanga au Arusha mjini. Akifika anagundua mtendaji wa kijiji alisahau muhuri ukurasa mmoja. Anarudi. Nauli mara mbili, siku mbili, na dirisha halimsubiri.

Halafu kuna namba ya simu. Wengi wanajaziwa maombi steshenari. Mwenye steshenari anaweka namba yake au barua pepe aliyoitengeneza papo hapo, na neno la siri linabaki kwenye daftari lake. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyojaza. Ujumbe ukiingia kwa mtu mwingine, nafasi inapotea na kijana hajui kwamba aliwahi kuipata. Mkopo nao ni hivyohivyo: mfumo unamwambia arekebishe kiambatanisho, yeye hana njia ya kuufungua.

Mwalimu, Longido

Wa udahili amesema kweli, ila kuna mawili hayaonekani kutoka Moshi.

La kwanza ni majina. Huku cheti cha kuzaliwa kikitafutwa ukubwani, baba anamwandikisha mtoto kwa jina lenye Ole mbele. Shule ya msingi mwalimu aliandika bila Ole. Kidato cha nne jina la babu limekuwa la ukoo. Vyeti vitatu, majina matatu, na mfumo unamwona kama watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo ya jina kutoka kwa wakili, na kazi hiyo ifanyike kidato cha tatu, kabla ya usajili wa mtihani wa taifa. Jina likishasajiliwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kulibadilisha ni safari nyingine. Shule inayotaka kusaidia ikusanye vyeti vya kuzaliwa Januari ya kidato cha tatu, iviweke juu ya meza sambamba na rejesta ya darasa la saba, na mtu asome herufi kwa herufi. Kwa darasa la wanafunzi 80 hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

La pili ni JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu wanaoitwa kwa mujibu wa sheria wako kambini matokeo yanapotoka na maombi yanapoanza. Kule simu si kitu cha kushika muda wote. Wa mjini, mama yake anamjazia kila kitu akiwa ofisini. Wa Gelai huku Longido, mama yake hana simu janja na huenda hasomi. Kwa hiyo chuo kikitaka kuja, kije Machi au Aprili, kabla ya mtihani wa Mei, kijana akiwa bado shuleni na mwalimu yupo. Msafara wa Julai ni wa kupiga picha na bango.

Hilo la Texas silikatai. Nalichelewesha tu.

Mzazi, Uru

Mniwie radhi, mimi napinga waziwazi. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa na wilaya. Familia za Kilimanjaro zinakumbuka watoto waliofaulu vizuri wakabaki nyumbani kwa sababu tu wamezaliwa mlimani, wazazi wakauza kahawa kuchangia ujenzi wa shule zao. Leo mnataka tuanze tena? Kihamba (shamba la ukoo) cha nusu ekari kilichogawanywa kwa wana wanne hakilishi mtu, kahawa yenyewe wengi wameshaing'oa wakapanda mboga na ndizi, na mtoto wa hapa hana tofauti na wa Same tambarare isipokuwa anaona theluji. Wakati huohuo, mtoto wa tajiri wa ng'ombe mia tano Simanjiro ataingia kwa nafasi ya maskini kwa sababu wilaya yake imeandikwa maskini. Pimeni kaya. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini zina namba na HESLB inazitambua. Wilaya haina njaa, mwenye njaa ni mtu.

Mleta hoja, Moshi

Mzee wangu wa Uru, maumivu hayo yana msingi, na sitaki yarudi. Ndiyo maana nikataja Texas: kule kipimo ni shule, wilaya haiangaliwi. Maskini wa Uru aliyesoma shule ya kata Uru naye angeingia kwa mlango huohuo.

Wa udahili, Moshi

Hapo ndipo Texas inapotukatalia, mkuu. Kwetu kidato cha tano hupangwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, nchi nzima. Mtoto wa Ketumbeine, Longido, anaweza kumalizia kidato cha sita Tabora, na wa Masaki akamalizia Same. Ukichukua kumi bora wa shule ya kidato cha sita unachukua mchanganyiko wa nchi, hujui nani katoka wapi.

Lakini kuna njia, na haihitaji fomu mpya. Kila mwombaji anajaza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne: herufi S kwa wa shuleni au P kwa wa kujitegemea, kisha tarakimu za kituo, kisha namba yake, kisha mwaka. Zile tarakimu za kituo zinakutajia shule. Kidato cha nne ndipo wengi wanapokuwa bado shule za kata, wakitembea kwa miguu kutoka nyumbani. Chuo kiorodheshe vituo vya shule za kutwa ambavyo kwa miaka mitano mfululizo havijaleta mwanafunzi hata mmoja, na mfumo uwapange waombaji wa vituo hivyo wenyewe. Hakuna barua ya mtendaji ya kununua wala kabila la kuuliza, na shule ya Uru ikistahili itaingia. Atakayeteleza kupita ni mtoto wa tajiri aliyesoma kata, na huyo atakamatwa kwenye kipimo cha kaya upande wa mkopo.

Kasoro moja niiseme: Texas yenyewe ilibidi irekebishe sheria 2009 kwa sababu chuo kikuu chake cha Austin kilikuwa kinajazwa na wa njia hiyo karibu peke yao. Kikomo kiwekwe tangu mwanzo.

Mhasibu wa chuo, Arusha

Mnabishana kuhusu mlango, na mimi naangalia wiki nane za kwanza ndani ya nyumba. Fedha ya chakula na malazi ya HESLB ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu, yaani hiyo fedha ya kujikimu, huja kwa mafungu ya siku 60, yaani 600,000. Lakini haitoki hadi mwanafunzi asajiliwe na athibitishe chuoni. Orodha za waliopata mkopo hutoka kwa awamu kuanzia Oktoba, nyingine chuo kikiwa kimeshafunguliwa.

Sasa hesabu ya anayefika bila kitu. Chumba cha 40,000, mwenye nyumba anataka miezi mitatu kwa mkupuo: 120,000. Godoro la futi tatu, tuseme 70,000. Bima ya afya ya mwanafunzi 50,400. Chakula cha 5,000 kwa siku 30: 150,000. Jumla 390,400, bila nauli, bila ndoo, bila daftari. Mbuzi akiuzwa 80,000 mnada wa Meserani, hao ni mbuzi watano. Mwaka wa ukame, mbuzi amekonda na bei imeshuka hadi 30,000, anahitaji kuuza kumi na watatu na bado anadaiwa 400. Mwaka huo ndio familia haina mbuzi kumi na watatu.

Kinachofanya kazi ni kianzio, na kisitolewe taslimu. Chuo kimpe kitanda hosteli, kadi ya chakula kantini na bima, viandikwe kama deni la 400,000 linalokatwa kwa mafungu mawili kutoka bumu la kwanza na la pili. Kwa wanafunzi 40 unahitaji mtaji wa milioni 16, na sehemu kubwa inazunguka mwaka hadi mwaka. Hatari iko kwa yule ambaye mkopo wake haukutoka kabisa. Weka kando sehemu ya tano ya mtaji kwa ajili yake, na umruhusu asajiliwe bila kulipa ada ya kwanza hadi wiki ya nane, muda wa rufaa ya mkopo upite. Ukimfungia usajili kwa sababu ya ada, umemfungia na bumu, kwa maana bumu linasubiri usajili. Huo mduara ndio unaorudisha vijana nyumbani kabla ya Krismasi, na wanaporudi kijiji kinasema chuo kilimshinda.

Muuguzi, Orkesumet

Naomba niingie upande wa kozi zenye ushindani, maana huko hoja ya mleta mada bado iko hai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010 na tena ule wa 2021, linashauri vyuo vya afya vipokee wanafunzi waliokulia vijijini, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kwenda kufanya kazi vijijini. Mgonjwa wa Simanjiro asiyejua Kiswahili vizuri anahitaji mtu anayemwelewa akisema kinachomuuma. Nafasi za kutengwa kwenye udaktari, uuguzi na famasia ni kwa faida ya mgonjwa kabla ya mwanafunzi.

Ila msiangalie shahada peke yake. Wengi wa huku hawafiki kidato cha sita. Mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yakiwemo anayodaiwa na kozi, anaanza astashahada, anapanda stashahada, na akitoka na wastani wa 3.0 anaomba shahada kama mwenzake. Mikopo ya stashahada kwa fani za kipaumbele ilianza 2023/24, na habari hiyo bado haijafika kwenye maboma ya wafugaji. Jambo la kuwaonya wazazi: mawakala wanaopita minadani kuandikisha watoto kwa vyuo, wanaolipwa kwa kichwa, huahidi mkopo ambao si wao wanaoutoa. Mzazi adai namba ya usajili wa chuo kutoka NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi na ufundi stadi, apeleke kwa mwalimu mkuu aikague kabla hajalipa hata shilingi ya fomu.

Mzazi, Uru

Kwa namba ya kituo na kipimo cha kaya, upinzani wangu unapungua. Kwenye udaktari bado sijakubali asilimia 10. Anzeni na 5, na alama ya chini ya kozi ibaki ileile kwa wote.

Mwalimu, Longido

Alama ya chini ibaki, hapo sina ugomvi. Ila baba, kama ni asilimia 5 na mafunzo ya wiki sita ya kemia na baiolojia hayapo kabla ya muhula, tutapeleka watoto wakafeli mwaka wa kwanza. Shule nyingi za kata zinafanya mtihani wa vitendo kwa kusimulia, kwa sababu bureti ziko mbili kwa darasa zima. Mtoto anajua rangi inabadilika kwenye titresheni. Hajawahi kufungua bomba la bureti kwa mkono wake na kulifunga kwenye tone moja.

Wa udahili, Moshi

Wiki sita Septemba na Oktoba maabara zetu huwa tupu, mwalimu. Shida ni nani atawalisha kwa wiki hizo, kwa sababu HESLB inahesabu siku kuanzia chuo kinapofunguliwa. Wanafunzi 20 kwa siku 42, kwa 5,000 ya chakula, ni milioni 4.2. Mhasibu, hiyo inaweza kukaa ndani ya ile milioni 16, au itaua kianzio?

Mhasibu wa chuo, Arusha

Isikae humo. Kianzio kinarudi, chakula cha maandalizi hakirudi. Iombwe halmashauri za Longido, Simanjiro na Same kabla bajeti zao hazijapita, barua iende na majina ya shule na idadi, isiende na neno "msaada" peke yake. Ngorongoro, Baraza la Wafugaji liliwahi kulipia wanafunzi wengi kwa fedha zilizotoka hifadhini, kwa hiyo si jambo geni kwa madiwani wa huku. Barua ikichelewa hadi Mei, imeshaangukia mwaka wa fedha mwingine.