Mjadala: Mazoezi ya marubani wanafunzi yaondolewe Wilson?

Mwanzisha mada

Wadau, salamu. Najua hili litawagusa wengi, hasa mlio na vijana wanaosomea urubani.

Asubuhi ya Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliondoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44. Muda mfupi baada ya kupaa kukasikika kishindo: ilikuwa imegongana na Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Cessna iliangukia ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki.

Mimi naishi Lang'ata. Nikianika nguo roshani naziona hizo ndege ndogo. Moja inapaa, inapinda kushoto, inarudi, inapotea nyuma ya mapaa. Unadhani imetua. Dakika moja tu, hiyo imeibuka tena! Magurudumu yamegusa lami, injini ikatiwa nguvu, ikapaa upya. Mwanafunzi anarudia hivyo mara nane, mara kumi, maana kutua hakufundishwi kwa mdomo. Na uwanja huohuo unatoa ndege za abiria wa Pwani na Maasai Mara, nzito zaidi na zenye kasi kuliko hizo kwa mbali.

Msimamo wangu: shule zibaki Wilson, mizunguko hiyo ihamishwe.

Kabla hamjasema marubani wafungue macho, sikilizeni. Ndege mnayoelekea kugongana nayo haisogei kwenye kioo. Inakaa palepale kama doa la uchafu, na jicho la binadamu hushika kinachosogea. Doa hubaki dogo, halafu ghafla linajaa kioo kizima. Tena Cessna 172 ina mabawa juu. Ikilala ili ipinde kushoto, bawa la kushoto linashuka na kuziba kulekule inakoelekea. Mtu anatazama kwa bidii na haoni. Ndiyo maana naumia nikisikia marehemu wakilaumiwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimekusoma. Mimi nilisomea palepale, na hili ulilopendekeza litamuumiza mwanafunzi. Kila saa angani inalipiwa. Ukinituma uwanja mdogo wa Orly kule Kajiado nikafanye kutua mara sita, safari ya kwenda na kurudi nailipia mimi. Nina wenzangu ambao wazazi wao waliuza shamba ili wamalize.

Halafu viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege vina hatari yake. Pale Watsonville, California, Agosti 18, 2022, Cessna 152 na Cessna 340 ziligongana zikikaribia kutua, watu watatu wakafa. Hapakuwa na mnara, marubani walikuwa wakitangaziana wenyewe redioni. Wilson tuna mnara. Ndege zote zifungwe vifaa vya kuonya mgongano, mambo yaishe.

Mwanzisha mada

Asante ndugu yangu, ila Watsonville inaniunga mkono. Ile 340 ya injini mbili ilikuja moja kwa moja ikiwa na kasi kubwa mno, na 152 ilikuwa kwenye mzunguko wake wa polepole. Rubani wa ile ndogo aliiona, akasema redioni kwamba inamjia kasi. Walisikilizana, na bado wakafa. Kasi mbili tofauti zikipangwa kwenye njia moja, muda wa kukwepana unakuwa sekunde chache, mnara uwepo usiwepo.

Vifaa navitaka pia. Lakini mfumo uliomo kwenye ndege za abiria hautoi amri ya kupanda au kushuka ukiwa chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini, na karibu na uwanja ndiko ndege zinakobanana. Hata hapo juu hauwezi kuiona ndege ambayo transponda yake, yaani kifaa kinachojibu mawimbi ili ndege ijulikane ilipo, imezimwa au haipo.

Kwenye gharama umenibana, nakubali. Sitaki mzazi auze shamba la pili. Basi nasogea hatua moja: kama kuhama hakuwezekani, asubuhi waachiwe abiria, wanafunzi wafanye mizunguko yao baada ya saa sita mchana.

Mchangiaji wa pili

Mwalimu mstaafu hapa. Mzee mwenzangu, hiyo saa sita uliyoitaja ndiyo mbaya kuliko zote kwa anayejifunza. Asubuhi hewa imetulia. Jua likipanda, joto linainuka kutoka nyika za Athi na kuitikisa 172 kama matatu kwenye barabara ya mawe. Wilson iko futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari; hewa ni nyepesi, na ikipata joto injini ndogo inahema. Mwanafunzi wa saa kumi za kuruka ukimweka hapo, umemhamisha kutoka hatari moja hadi nyingine.

Mimi ningegawa hivi: kuanzia mapambazuko hadi saa mbili asubuhi, wanafunzi. Ndege za kitalii zichelewe kidogo. Simba wa Mara hawahami kwa saa moja.

Mwanzisha mada

Mwalimu, hilo sikulijua, na limenibadilisha. Wanaofanya kazi kwenye kampuni za ndege mko humu: je, mtakubali ndege ya kwanza iondoke saa mbili?