Tupeane uzoefu: fildi ya afya na ustawi wa jamii kwetu Mwanza, ni kitu gani darasani hamkuambiwa?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa mwisho anasoma diploma ya ustawi wa jamii hapa mjini, na wiki ijayo anaripoti fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Barua anayo, logibuku (daftari la kuandikia kazi zake za kila siku) anayo. Jana kaniuliza, "Kaka, huko nikafanyeje?" Nikajikuta namjibu kwa hotuba ya mkuu wa chuo: wahi, jitume, heshimu wakubwa. Mwenyewe niliona nimemuuzia maneno matupu. Kwa hiyo nawaomba mliopita huko, wauguzi, matabibu, watu wa ustawi, mwageni yenu. Hizo za "jitume" tuwaachie wenye mahafali.

Naanza na langu, la aibu. Nilisomea utabibu, na fildi ya afya ya jamii ikatupeleka kijiji kimoja cha kando ya ziwa upande wa Magu, tukaenda shuleni kugawa dawa za kichocho. Kazi yenyewe nyepesi: mtoto anasimama kwenye ule mti wenye alama, urefu wake unakuambia vidonge vingapi, anameza ukimwona. Kwamba awe amekula kwanza nilikuwa nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Ila kuuliza sikuuliza. Kabla ya saa tano wakaanza kutapika, mmoja, watatu, kisha mstari mzima. Kumbe wengi walitoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Akina mama wakafika wamejifunga kanga viunoni, wanataka kujua tumewapa watoto wao sumu gani. Mwalimu mkuu ndiye aliyetuokoa, akaagiza uji upikwe palepale na yeye akanywa kikombe cha kwanza mbele yao.

Mchana, bila haya, nikasimama kuwahutubia: msiingie ziwani, kuna konokono, vijidudu vinapenya kwenye ngozi. Mama mmoja akauliza taratibu, "Daktari, na wewe asubuhi umeoga maji ya wapi?"

Nawasilisha.

Binti Nansio

Kaka umenichekesha. Mimi ni muuguzi, fildi yangu ilikuwa kituo cha afya kimoja huko visiwani, nikawekwa kliniki ya wanaotumia dawa za VVU. Kazi yangu ilikuwa daftari la watoro, yaani waliopitiliza tarehe ya kuchukua dawa. Karibu wote wavuvi wa dagaa. Nikawaona wakaidi, nikawa nawasubiri na mahubiri yangu.

Siku moja nanunua dagaa mwaloni, mama muuzaji (sikumtajia kliniki, nilisema tu nawatafuta wavuvi siwapati) akanicheka: "Mwanangu, unawatafuta kwenye giza?" Akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina maana, watu wanapumzika, wananyoa nywele, wanaonekana mjini. Sisi tulikuwa tunahesabu siku 30 na kumtupia mtu tarehe katikati ya giza, siku ambazo akiacha mtumbwi familia haili.

Nikaanza kuwapangia tarehe kwa kuangalia mwezi. Dada msimamizi wangu aliguna mwanzoni, baadaye akaniomba nimchoree kwenye kalenda ya ukutani. Siku hizi waliotulia kwenye dawa wanapewa za miezi kadhaa kwa mkupuo, afadhali kubwa, lakini hata hiyo siku moja ya kurudi bado mwezi una neno lake.

Na wewe mdogo wetu, ukiambiwa upige simu kumtafuta mtu, usiseme unapiga kutoka wapi mpaka ujue nani kapokea. Mimi alipokea mke. Hapo naishia.

Mdigo wa Mabatini

La kwangu fupi. Natoka Tanga, Kisukuma sijui hata kidogo. Bibi mmoja wodini hataki kuongea na mimi, shikamoo zangu zinaanguka sakafuni. Mhudumu akanifundisha "mwangaluka". Nikaingia shifti ya jioni, nikasimama katikati ya wodi, nikalitoa kwa sauti. Wodi nzima ikalipuka kicheko, hata wenye mishono. Ni salamu ya asubuhi. Ila bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na kuanzia siku hiyo vidonge vyake alivipokea kwangu tu.

Mtu wa Dawati

Naomba nimjibu huyo mdogo wetu wa ustawi maana hii ndiyo njia yangu. Kwenye hospitali atakaa dawati la msamaha wa matibabu, pale wanapoletwa wasioweza kulipa. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure, lakini lazima mtu aseme "huyu kweli hana", na mtu huyo ni wewe.

Wiki yangu ya pili akaja mzee amemleta mjukuu. Shati la mikono mirefu limepigwa pasi, simu kubwa mfukoni. Nikamuuliza kama fomu inavyouliza, kipato kwa mwezi, akasita. Nikaandika: ana uwezo. Msimamizi wangu, mama mtu mzima, hakusema kitu. Alivuta kiti akakaa upande wa mzee, siyo upande wangu wa meza, akamuuliza, "Baba, jana usiku mmekula nini?" Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Na juzi? Michembe. Shati hili? La jirani, mtu haendi hospitali ya mjini na matambara. Simu? Ya balozi wa nyumba kumi, apate kuwapigia walioko kijijini. Akaikata kwa mstari mmoja ile sentensi yangu na kuniachia kalamu niandike upya.

Hakunigombeza, bora angenigomba. Mpaka leo kabla sijauliza pesa nauliza chakula. Ng'ombe usimuulize Msukuma idadi, hatakuambia, na kwa mila yao nani aliyekuambia ng'ombe wanahesabiwa hadharani?

Jambo lingine atakalokutana nalo akienda vijijini: bibi mwenye macho mekundu. Watu wazima watamnong'oneza kwamba ni mchawi. Kina mama wengi wa Usukuma waliuawa kwa neno hilo. Aende jikoni akakae naye nusu saa tu pale wanapopika kwa kinyesi cha ng'ombe kikavu, halafu ajitazame kwenye kioo.

Shifti ya Usiku

Mimi sina hadithi tamu. Niliagizwa chapati za wakubwa miezi miwili na logibuku likasainiwa siku ya mwisho kwa kubembeleza. Hilo nimesamehe. Nisilosamehe ni langu mwenyewe: nilichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa nikaficha, naogopa kuonekana mzembe. Nililala nayo siku nzima. Dawa kinga ya VVU lazima uianze ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inakula bahati yako. Aliyenitoa ni mfagiaji, aliona nalia stoo. Nilikutwa salama. Na chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya mwisho miezi sita baada ya kwanza, kwa hiyo usingoje barua ya fildi ndiyo uanze.

Mleta mada

Amesoma zote, kakaa kimya muda mrefu. Kisha kauliza kuhusu chanjo, kesho naenda naye. Swali lake jingine ni kama avae viatu vya kisigino kidogo, siku ya kwanza tu.

Binti Nansio

Mwambie kilima cha hospitali ya Bugando akipande navyo kwanza, halafu aulize tena.