Kivimbe cha mate ndani ya mdomo: kusubiri, kutoboa, kukata au leza?

Fundi_Cherehani
Habari zenu wanajamvi. Nina miaka 27, nashona nguo, na nina tabia mbaya ya kutafuna mdomo wa chini nikiinamia kazi. Miezi mitatu iliyopita nilijing'ata kweli kweli nikila muwa. Siku chache baadaye kikatokea kivimbe kwa ndani, upande wa kushoto, laini, rangi ya bluu kwa mbali. Hakiumi. Kimepasuka chenyewe mara mbili, ukatoka ute mzito kama mlenda, nikashangilia, wiki haikuisha kikajaa tena. Sasa ni kama njegere na kila nikila nakigonga.

Nimeenda kliniki mbili. Moja wanataka kukitoboa kwa sindano na kuunyonya ule ute, dakika tano naondoka. Nyingine wanasema kukata na kushona, 150,000. Shoga yangu aliyeko Nairobi ananiambia leza. Waliopitia naomba mnisaidie kulinganisha. Na hiki kitu ni nini hasa? Usiku nawaza saratani tu.

Mzee_wa_Kitaa
Ukijing'ata mdomo ujue kuna mtu anakusema. Mtafute huyo kwanza. Kisha sukutua maji ya chumvi vuguvugu siku tatu, halafu wembe mpya. Sisi zamani hatukwenda hospitali kwa vitu kama hivi.

Fundi_Cherehani
Shikamoo mzee. Chumvi nimesukutua mpaka nimechoka. Wembe siuwezi.

Dokta_Jino
Wembe hapana kabisa. Natibu kinywa na meno, ila sijakuona, kwa hiyo chukua haya kama maelezo tu.

Kunja mdomo wako wa chini mbele ya kioo, ukaushe kwa kitambaa safi, usubiri kidogo. Utaona vitone vidogo vinachomoza kama umande. Hivyo vinatoka kwenye vitezi vya mate vilivyojaa humo, na kila kimoja kina kijifereji chake cha kutolea mate. Ulipojing'ata, kijifereji kimoja kilikatika. Kitezi hakina habari, kinaendelea kutengeneza mate, na mate yanamwagikia ndani ya nyama badala ya kutoka nje. Mwili ukayazungushia ukuta. Sisi tunaita mukoseli. Si saratani na haigeuki kuwa saratani. Kuna aina nyingine ambayo kijifereji kinaziba bila kukatika, lakini hiyo ni adimu zaidi na tunaiona zaidi kwa watu wenye umri mkubwa.

Sasa utaona kwa nini kutoboa ni kupiga deki wakati bomba bado linavuja. Ute unatoka, kitezi kimebaki, unarudi palepale. Ulishatobolewa mara mbili bure na meno yako mwenyewe, sioni sababu ya kulipia mara ya tatu.

Kusubiri kuna maana kikiwa kidogo, kipya, kimekaa juujuu. Vingi vya namna hiyo hunywea ndani ya wiki chache, hasa ukiacha kutafuna mdomo. Miezi mitatu na kinazidi kukua? Muda wa kusubiri umepita.

Omari_Msa
Mie nilianza na hiyo ya kunyonywa kwa sindano. Jumatatu nimetoka nacheka, Ijumaa kiko palepale, wallahi.

Mara ya pili nikakatwa. Kibaya ni sindano ya ganzi peke yake, inachoma mpaka chozi, baadaye huhisi kitu ila kuvutwavutwa. Nusu saa, nyuzi nne zinazoyeyuka zenyewe. Siku mbili mdomo umefura kama nimeumwa na nyuki, watu msikitini wananiangalia. Nikala uji na ndizi mbivu. Usiguse achari, usiguse pilipili, na mahamri ya moto yasubiri. Kidonda wiki mbili kimefunga. Kitu hawakuniambia mapema: pahali padogo penye kovu palikufa ganzi kama mwezi na nusu, kisha pakarudi. Sasa mwaka wa pili, hakijarudi.

Dokta_Jino
Asante Omari kwa hilo la ganzi. Neva ndogo za mdomo zinapita humohumo kwenye vitezi, nyingine lazima ziguswe. Mara nyingi hisia hurudi, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla ya kusaini.

Neema_K
Dada, mimi ndiye wa leza, Nairobi. Mazuri yake: damu karibu hakuna, sikushonwa, jioni nilikuwa kazini. Mabaya: nililipa karibu mara tatu ya hiyo yako, kidonda kilikaa na utando wa njano wiki mbili. Na baada ya miezi mitano kikatokea kingine, kando kabisa ya kovu. Daktari wa pili alisema mara ya kwanza walichoma uvimbe wakaacha vitezi vya jirani. Huyo akakata kwa kisu. Kwa hiyo ukisikia leza usidhani ni muujiza.

Dokta_Jino
Neema kagusa penyewe. Leza ni kisu cha aina nyingine. Swali la kumuuliza daktari si "una mashine gani?" Muulize: utaondoa na vitezi vinavyokizunguka? Na kilichotoka kitapelekwa maabara? Ukikiyeyusha chote kwa leza hakuna cha kupeleka, na hata kikikatwa kwa leza kingo zinaungua, anayesoma kwenye darubini anapata tabu.

Mama_Twalib
Mbona hamjataja uzi? Mwanangu wa miaka 6 asingekubali kukatwa hata mumshike watu watatu. Walimpaka ganzi, wakapitisha uzi wa hariri katikati ya kivimbe wakaufunga kama hereni. Baada ya siku kumi wakautoa. Hakijarudi tangu mwaka jana.

Dokta_Jino
Ni njia nzuri kwa watoto. Uzi unaacha vijitundu ambavyo mate hujifunza kupitia. Inafaa kivimbe kikiwa laini na chepesi kuonekana, si kile kigumu au kilichozama ndani.

Kijana_Mtafiti
Kuna sindano za steroidi pia, dawa ya kutuliza uvimbe, na kugandisha kwa baridi kali ya naitrojeni.

Dokta_Jino
Zipo. Vivimbe vingine hunywea, lakini huenda ukarudia zaidi ya mara moja, na hakuna cha kupeleka maabara. Si chaguo langu la kwanza.

Bibi_Shamba
Kwetu kuna mkata vimeo, alimtoboa jirani yangu kitu kama hicho. Damu haikukatika mpaka akapelekwa hospitali ya wilaya.

Dokta_Jino
Huenda hakikuwa cha mate. Kivimbe cha zambarau iliyoiva, ambacho ukikibonyeza kinanywea na kupauka kisha kinajaa tena, mara nyingi ni mshipa wa damu. Hicho usichomwe na sindano ya mtaani. Vivyo hivyo uvimbe wa mdomo wa JUU, hasa ukiwa mgumu: mukoseli huko ni nadra, na vivimbe vya aina nyingine vya tezi za mate hupenda kukaa huko, vingine vibaya. Huo sitauita mukoseli mpaka maabara iseme. Na ule wa chini ya ulimi, unaovimba kama tumbo la chura, unatoka kwenye tezi kubwa zaidi na upasuaji wake ni mwingine.

Fundi_Cherehani
Nimerudi. Nimekatwa, leo siku ya kumi na saba. Niliuliza yale maswali mawili. Kliniki ya kwanza, ile ya sindano, hawakupenda hata kuulizwa. Ya pili daktari alinichorea kwenye karatasi vitezi atakavyotoa, maabara nikalipia mbali. Majibu: mukoseli, hakuna kingine. Nyuzi tatu. Upande huo bado nahisi kama umelala, Omari nakumbuka maneno yako. Uzi wa Mama Twalib niliuulizia, wakasema changu kimeshakuwa na ukuta mnene.

Kazi kubwa imebaki ni meno yangu. Nimebandika kitambaa chekundu kwenye cherehani, nikikiona naachia mdomo.

Mzee_wa_Kitaa
Hongera mwanangu. Na aliyekuwa anakusema umempata?

Fundi_Cherehani
Nimempata mzee. Mteja wa gauni la sendoff. Nililala na uvimbe wangu siku nne bila kupokea simu yake.