Je, Kenya itumie pesa kuvizia vimondo?

Mwalimu wa Lanet: Asteroidi, yaani jiwe kubwa la angani, ya upana wa kilomita 10 hivi ilipiga Chicxulub, Mexico, miaka milioni 66 iliyopita. Vumbi na masizi vikaziba jua, mimea ikafa, dinosaria wakafuata. Kama robo tatu ya aina za viumbe zikatoweka. Shirika letu la anga lipo tangu 2017. Lipewe darubini za kuvizia mawe haya?

JaKisumu: Dawa kwanza! Akina mama wanaenda kujifungua na glavu zao mkobani. Nyinyi wa Nakuru kwa vile kimondo kiliwachimbia Menengai, mnadhani kitarudi kesho.

Shiro wa Njoro: Menengai ni volkeno! Ililipuka, kisha sehemu ya juu ikaporomoka ndani. Ule mvuke wanaochimba uwe umeme unatoka wapi?

JaKisumu: Usinifundishe kama mtoto wa chekechea. Shimo la mviringo ni kimondo. Ziwa Bosumtwi kule Ghana je?

Shiro wa Njoro: Bosumtwi sawa, ni kimondo. Ziwa Simbi Nyaima hapo kwenu Homa Bay nalo ni mviringo, na ni volkeno.

Nyar Kendu: We Shiro, Simbi iache kabisa. Kijiji kilimfukuza bibi kizee usiku wa sherehe, kikazama chote. Nyanya yangu hakuwa mwongo.

Shiro wa Njoro: Nani amemtaja nyanya yako?

Mzee wa Kakamega: Wanangu, tulieni. Wapo wanasayansi wanaosema volkeno za Deccan kule India nazo zilichangia kuua hao dinosaria. Basi tuchunge Menengai, iko karibu kuliko nyota.

Mwalimu wa Lanet: Mzee, shikamoo. Hiyo Deccan haifuti Chicxulub. Mwaka 1980 wanasayansi akina Alvarez, baba na mwana, walitangaza iridiamu nyingi kwenye udongo wa enzi hiyohiyo, madini adimu sana juu ya ardhi lakini tele kwenye asteroidi. Tena volkeno huwezi kuisukuma. Jiwe unaweza: 2022 NASA wa Marekani waligonga kwa chombo Dimorphos, jiwe dogo linalozunguka asteroidi nyingine, muda wa mzunguko wake ukapungua kwa dakika 32 hivi.

JaKisumu: NASA wana pesa. Wakiliona jiwe watatuambia.

Mwalimu wa Lanet: Na anga ya huku kusini nani anaiangalia usiku wetu, kwao kukiwa mchana?

Mzee wa Kakamega: Menengai mara ya mwisho ililipuka lini?

Nyar Kendu: Shiro, bado nakungoja. Njoo Kendu Bay uwaambie wazee hayo maneno ya volkeno.