Nilisema mtia nia si Mkristo, sasa wazee wa kanisa wanataka niombe radhi. Nilikosea?

Sauti ya Pili (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naomba ushauri wenu, na naomba mnisome taratibu, maana jambo hili lina wiki mbili sasa halinipi usingizi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kilimanjaro, na naimba kwaya ya vijana kwenye usharika wetu wa Kilutheri. Jumapili ya mavuno tuliletewa mgeni, mtia nia wa ubunge. Akapewa nafasi ya kusalimia, akasalimia dakika ishirini na tano. Alisema ameokoka tangu kidato cha pili. Alisema Mungu amemwonesha jimbo hili kwenye maombi ya usiku. Kisha akapiga magoti mbele ya madhabahu. Alikuja na wapiga picha wawili. Mmoja alimsogelea akamnong'oneza kitu, yule bwana akainuka, akasogea hatua mbili upande wa dirishani kwenye mwanga, akapiga magoti tena. Sisi wanakwaya tuko pembeni pale, tuliona yote.

Baada ya ibada ukaja mnada. Kulikuwa na jogoo mwekundu wa bibi mmoja mjane, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mgeni akamnunua shilingi laki tano, halafu akamrudisha anadiwe upya. Watu wakashangilia sana.

Sasa, baba yangu mdogo ni fundi mwashi. Yeye na vibarua sita walijenga ukuta wa nyumba ya mtu huyuhuyu, na huu ni mwaka wa pili wanadai nusu ya pesa zao. Siku ile alikuwa amesimama nyuma kabisa chini ya mparachichi, anamwangalia yule jogoo. Hakusema neno. Akachukua kofia yake akaondoka.

Usiku nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya: "Huyu si Mkristo. Ni mwigizaji anayetafuta kura." Kuna mtu alipiga skrinishoti ikamfikia mwenyewe. Mzee wa kanisa ameniita, anasema nimehukumu imani ya mtu, na natakiwa kuomba radhi mbele ya jumuiya. Mama anasema niombe tu yaishe.

Ninachouliza ni hiki. Mwanasiasa akijitangaza kuwa mcha Mungu, je, ni haki kuihoji imani yake?

Jiwe la Mlimani

Usiombe radhi hata kidogo dada. Mathayo 7:16, "Mtawatambua kwa matunda yao." Matunda si ndiyo hayo, vibarua hawajalipwa.

Mzee wa Daftari

Marahaba mwanangu.

Kijana aliyenitangulia ameanza mstari wa 16 wa sura hiyo, na sura hiyohiyo mstari wa kwanza unasema "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Lakini mimi sitaki tupigane kwa mistari. Nataka nikwambie kinachonitisha.

Nchi yetu iliogopa sana mlango huu, na ilikuwa na sababu. Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ilikuwa ya 1967. Baada ya hapo swali likaondolewa, na mwaka 2012 walipotokea ndugu zetu waliotaka lirudishwe, serikali ilikataa. Mwaka 1995 nilimsikiliza Mwalimu Nyerere redioni akizungumzia nyufa za taifa, na udini ulikuwa mmoja wa nyufa hizo. Na huyo alikuwa mtu wa misa, mtu wa kufunga, ambaye Kanisa Katoliki lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005. Hakuwahi kutuambia tumchague kwa sababu hiyo.

Sasa ona neno ulilotumia. "Si Mkristo." Leo umelisema wewe mwenye uchungu wa baba yako mdogo, na mimi nakuelewa. Kesho litasemwa na mtu mwingine kuhusu mgombea mwingine: huyu si Mkristo, ni wa kule, asipewe. Neno ni lilelile. Tukishazoea kupima nani ni muumini halisi na nani si halisi kabla ya kupiga kura, hatutajua tena pa kusimama.

Jiwe la Mlimani

Mzee heshima kwako, lakini aliyeingiza dini ni yeye mtia nia. Alisimama mwenyewe akasema ameokoka.

Mzee wa Daftari

Kweli kaingiza yeye. Hapo sina ubishi na wewe.

Mwana Kisauni

Asalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu, hamjambo. Mimi ni wa Mombasa, na swali hili kwetu ni zito kushinda mnavyodhani, kwa sababu tumeona mwisho wake. Kuna watu huanza kwa kusema "fulani si Mwislamu wa kweli" na huishia kumwaga damu. Ndiyo maana wanazuoni wetu huliogopa neno hilo kama moto.

Kuna hadithi ya Usama bin Zaid, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Vitani alimfikia mtu, yule mtu akatamka shahada, yaani maneno ya kuingia Uislamu, Usama akamuua. Aliporudi Mtume (s.a.w.) akamuuliza. Usama akajibu kwamba mtu yule alisema kwa kuogopa silaha tu. Mtume akamwambia: je, uliupasua moyo wake ukajua kama alisema kwa hilo? Akairudia ile lawama, mpaka Usama akatamani lau angesilimu siku ile ndiyo kwanza.

Hebu fikiria dada yangu. Mtu yuko chini ya upanga, kila dalili inaonesha anasema ili aokoke, na bado Usama hakuruhusiwa kuamua kilicho moyoni. Sembuse mtu wa kura!

Lakini usikomee hapo, maana wanasiasa wetu huipenda sana hadithi hii na huifanya ngao. Iko na kauli ya Sayyidna Umar bin Khattab, imo katika kitabu cha hadithi cha Sahih Bukhari, kwamba zama za wahyi, yaani ufunuo, zimekatika, na sasa tunawachukulia watu kwa yale yanayotudhihirikia katika vitendo vyao. Mwenye kutudhihirishia kheri tunamwamini na kumkurubisha, na siri yake haituhusu, atahesabiwa na Mola wake. Mwenye kutudhihirishia shari hatumwamini, hata akisema siri yake ni njema. Deni la vibarua ni jambo la dhahiri. Hilo sema, tena sema kwa sauti. Na katika dini yangu mfanyakazi hulipwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kwa hivyo mwambie baba mdogo kuwa hata huku pwani tunamdai yule bwana pamoja naye.

Sauti ya Pili

Kaka umenitoa machozi kwa hilo la mwisho. Asante. Baba mdogo nitamsomea.

Ng'ombe wa Njoro

Habari zenu kutoka Nakuru. Hapa Kenya mambo haya tumeyaishi, na nitawaambia jambo moja tu nililojifunza.

Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, wanasiasa wakubwa walikuwa wamefika. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana akatangaza kwamba mwanasiasa anakaribishwa kuabudu kama muumini mwingine yeyote, ila mimbari si yake. Halafu Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wakatoa taarifa kali juu ya serikali, wakazungumzia utamaduni wa uongo. Siku chache baadaye Rais Ruto akaenda parokia ya Soweto, Nairobi, akatoa mchango. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zile zirudishwe.

Rais wetu hujitangaza mlokole waziwazi, na amezunguka makanisani miaka na miaka. Wapo vijana mitandaoni waliosema yeye si Mkristo. Maaskofu hawakusema hivyo. Walirudisha pesa. Na kile kitendo cha kurudisha pesa kilisikika nchi nzima kushinda matusi yote ya mitandao, kwa sababu hakikuwa na pahali pa kujibiwa. Ukimwambia mtu "wewe si Mkristo" atajibu "wewe ni nani unihukumu?" na watu watamhurumia. Ukimrudishia bahasha yake hana la kujibu.

Kwa hivyo dada, mimi swali langu ni kwa usharika wenu: ile laki tano ya jogoo iko wapi?

Mama Vitenge

Ng'ombe wa Njoro kanitangulia. Mimi ni mke wa mchungaji, miaka kumi na tisa sasa, nimekaribisha watia nia sebuleni kwangu kuliko ninavyoweza kuwahesabu, na nasema kwa uchungu: huyu binti anabebeshwa kosa ambalo si lake peke yake. Nani alimpa mgeni dakika ishirini na tano? Nani alikaa kimya mpiga picha alipomsogeza mtu kwenye mwanga mbele ya madhabahu? Mzee wa kanisa alikuwepo.

Mwanangu, soma upya ulichoandika, polepole. Umeona kwa macho yako mtu akipiga magoti mara mbili kwa ajili ya picha. Hilo ni lako, unaweza kulishuhudia popote. Unajua kuna watu saba wanadai. Hilo ni la baba yako mdogo na wenzake, wana haki ya kulisema. Ila "si Mkristo" hukuliona mahali. Inawezekana kabisa anaomba kwa machozi usiku na bado ni mdaiwa sugu. Nimewaona watu wa namna hiyo, wapo wengi, hata viti vya mbele.

Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi hakumwambia "wewe humjui Mungu." Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, mpaka mfalme mwenyewe akawaka hasira, ndipo akaambiwa "Wewe ndiwe mtu huyo." Habari ilikuwa ya mali ya maskini iliyochukuliwa. Na wewe unayo habari ya namna hiyo. Kwa nini uiache ushike neno usiloweza kulithibitisha?

Baridi ya Minneapolis

Nawasoma nikiwa Minnesota, niko zamu ya usiku. Huku swali hili huja kila uchaguzi. Februari 2016 Papa Francis, akiwa kwenye ndege akitoka Meksiko, aliulizwa kuhusu Donald Trump na ukuta aliotaka kuujenga mpakani. Akasema mtu anayewaza kujenga kuta tu, asijenge madaraja, si Mkristo. Trump akaja juu, akasema ni aibu kwa kiongozi wa dini kuhoji imani ya mtu. Lakini Trump huyohuyo mwaka 2011 alikuwa akisema kwamba huenda cheti cha kuzaliwa cha Obama kinaonesha kuwa ni Mwislamu. Kwa hiyo mimi wanasiasa wakilia kwamba imani yao imehojiwa, kwanza natazama wao wamewahoji akina nani.

Ila kuhusu Obama kuna jibu moja ambalo sijalisahau. Oktoba 2008 Colin Powell, waziri wa zamani wa mambo ya nje na mtu wa chama pinzani, aliugusia mwenyewe kwenye televisheni uvumi ule wa Uislamu. Akasema jibu sahihi ni kwamba Obama ni Mkristo. Halafu akaendelea: na kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Mimi ni Mwislamu wa Tanga, binti yangu amezaliwa huku. Ile sentensi ya pili ilikuwa ya binti yangu.

Jiwe la Mlimani

Sawa, nimesoma yote, nalegeza kidogo. Lakini kuna kitu kimoja siachii. Mathayo 7:16 inawahusu manabii wa uongo, someni mstari wa 15. Na huyu bwana hakuishia kusema "nimeokoka." Alisema Mungu amemwonesha jimbo. Hilo si jambo la moyoni tena, hapo amedai kutumwa. Anayedai kutumwa na Mungu kuja kututawala lazima aulizwe maswali, tena pale pale aliposimama. Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda aabudu apendavyo. Haimlindi asiulizwe alichokisema mbele ya usharika mzima.

Mzee wa Daftari

Kijana, hapa umesema vizuri. Nakuunga mkono.

Naongeza moja. Jogoo wa laki tano msimu wa kutia nia ana jina lake. Zamani sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu "takrima," ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipofuta vifungu vile mwaka 2006. Wazee wa usharika wangejiuliza hilo kabla ya kumwita binti wa watu.

Sauti ya Pili

Wakuu, nimerudi. Nimekaa na maneno yenu siku tatu.

Mama Vitenge, nilifanya ulivyosema, nikasoma upya. Nilikuwa na sentensi mbili tu na zote mbili zilikuwa za moyo wake. Vibarua hawakutajwa hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko kuitwa na mzee. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya baba mdogo na sikumtaja.

Nimemwambia mzee wa kanisa nitasimama. Nitaomba radhi kwa neno "si Mkristo," na nitaomba kwa moyo wote, maana Mwana Kisauni amenionesha nilikuwa naelekea wapi. La kupiga magoti mara mbili sitalifuta. Na nitauliza mbele ya wote kama usharika utaipokea laki tano kabla watu saba hawajalipwa. Mzee alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Mwishowe akaniuliza ni kiasi gani wanadai. Nikamwambia sijui kwa hakika, nitamuuliza mwenyewe.

Jana jioni nikaenda kwa baba mdogo. Akaingia chumbani, akatoka na daftari la mistari lenye vumbi la saruji, majina saba, siku alizofanya kila mmoja, alicholipwa, kilichobaki. Wawili kati yao ni wasali wenzetu, mmoja ni Mwislamu wa Bomang'ombe, mmoja amefariki mwezi Machi na anayedai sasa ni mkewe.

Jumuiya yetu ni Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Baba mdogo amesema atakuja nalo.