Msaada wakuu: nimetuma marekebisho kwenye mradi wa programu huria, mtunzaji ametaka niyagawe na niweke testi

Mchangiaji_Mpya

Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuchangia kodi (maandishi ya programu) kwenye miradi ya programu huria, yaani zile ambazo kodi yake iko wazi kwa wote.

Kuna maktaba (kodi iliyo tayari ya kutumia ndani ya programu nyingine) ya kusoma mafaili ya CSV, yaani majedwali ya maandishi yanayotenganishwa kwa mkato, ambayo naitumia kazini. Ina hitilafu iliyonisumbua sana. Faili likitoka kwenye programu ya lahajedwali, mara nyingine safu ya kwanza inakuwa kama haipo. Unaomba safu ya "jina", unaambiwa hakuna safu hiyo. Ukichapisha orodha ya vichwa, unaiona "jina" imekaa mwanzoni kabisa. Nilipolifungua faili nikatazama baiti zake moja moja, nikakuta linaanza na EF BB BF, yaani ile alama ya BOM, ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili kuonyesha kwamba maandishi yamesimbwa kwa UTF-8. Maktaba haiziondoi hizo baiti 3, zinaganda kwenye jina la safu ya kwanza, na kwa vile hazionekani kwa macho, unabaki unashangaa kwa nini majina mawili yanayofanana hayalingani.

Nimerekebisha na inafanya kazi. Mistari yenyewe ni michache. Nikiwa humo humo nikalipanga upya faili zima la kodi, nafasi za mwanzo wa mistari na majina ya vigeu, maana lilikuwa halisomeki vizuri. Nikatuma PR (ombi la kuingiza mabadiliko yangu kwenye mradi). Kimya kirefu, halafu mmoja wa watunzaji (wanaosimamia mradi na kuamua kinachoingia) akaandika hivi tu: tenganisha mpangilio na marekebisho, kisha weka testi.

Je, hiyo ndiyo namna ya kukataliwa kwa upole? Na testi, yaani kodi ya kupima marekebisho, inaandikwaje kwa kitu kisichoonekana? Halafu kingine, hii kodi nimeiandika saa za kazi kwenye kompyuta ya ofisi. Kuna shida yoyote?

Naomba kuwasilisha.

Fundi_Terminali

Mkuu, hujakataliwa. Anayekataa huwa anafunga PR au haandiki kabisa. Huyo amesoma, ameona marekebisho yanafaa, na amekuonyesha kinachozuia yasiingie. Nimekuwa mtunzaji wa mradi mdogo kwa muda mrefu, nakuambia ninachokiona nikiwa upande wa pili.

Ukiniletea mabadiliko ya mamia ya mistari, nami najua kazi halisi imo kwenye mistari michache tu, inabidi nisome yote ili niipate. Siwezi kuamini kwamba mingine ni nafasi tu, kwa sababu hitilafu nyingi huingilia hapo hapo. Kubadilisha jina la kigeu kunaonekana hakuna madhara mpaka ukute kuna mahali pengine panalitumia jina la zamani.

Halafu kuna miezi inayofuata. Tuseme marekebisho yako ya BOM yamevunja kitu kwa mtumiaji fulani, nataka kuyarudisha nyuma haraka. Yakiwa kwenye komiti yake peke yake (kifurushi kimoja cha mabadiliko kwenye Git, programu ya kutunza historia ya kodi), ni `git revert` moja na kazi imekwisha. Yakiwa yamechanganywa na mpangilio, narudisha kila kitu, pamoja na kazi za wengine zilizojengwa juu yake. `git blame`, inayoonyesha kila mstari ulitoka komiti ipi, nayo inaharibika: mtu akiuliza mstari huu uliandikwa kwa nini, anapelekwa kwenye komiti ya kupanga nafasi badala ya ile yenye sababu.

Kwa hiyo gawa. Usione amekudharau.

Bi_Semikoloni

Nakuja kwenye testi maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kwanza iandike testi, uiendeshe kwenye kodi ya zamani, isiyo na marekebisho yako. Lazima ianguke. Isipoanguka, haijaigusa hitilafu na haimwambii mtunzaji chochote. Ikianguka, ndipo unaweka marekebisho na kuiona inapita.

Usiambatishe faili la CSV lenye BOM. Baadhi ya vihariri vya maandishi huiondoa alama hiyo kimyakimya mtu akihifadhi, na siku hiyo testi yako itaendelea kupita bila kupima kitu. Andika baiti zenyewe ndani ya testi. Kama mradi umeandikwa kwa lugha ya Python, data yako iwe hivi:

`data = b"\xef\xbb\xbfjina,umri\nAsha,31\n"`

Kisha hakikisha kichwa cha kwanza ni sawasawa na `"jina"`, bila kitu mbele yake.

Usiishie hapo. Jaribu faili lisilo na BOM, lisiharibike. Jaribu faili lenye BOM peke yake bila data. Na hii ndiyo watu huisahau: kichwa cha kwanza kikiwa ndani ya alama za kunukuu, `"jina","umri"`. BOM ikitangulia, alama ya kunukuu si herufi ya kwanza tena, kwa hiyo visomaji vingi vya CSV huichukua kama sehemu ya jina. Kama marekebisho yako yanaiondoa BOM baada ya vichwa kusomwa, utabaki na jina lenye alama za kunukuu ndani yake. Inatakiwa iondoke kabla ya kusoma chochote. Kwenye Python, usimbaji wa `utf-8-sig` unafanya hivyo: BOM ikiwepo mwanzoni inaondolewa, isipokuwepo hakuna kinachobadilika.

Tawi_Kuu

Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Mtu ametumia muda wake bure, anajibiwa bila hata asante. Mleta mada, chukua nakala yako ya mradi, weka marekebisho yako, itumie, maisha yaendelee. Leseni inaruhusu.

Fundi_Terminali

@Tawi_Kuu mkuu, leseni inaruhusu kweli, ila kuanzia hapo nakala hiyo ni mzigo wake. Kila toleo jipya la maktaba likitoka, pamoja na yale ya kuziba mianya ya usalama, itabidi alivute mwenyewe na kuyapachika marekebisho yake upya. Siku akihama kazi, anayemrithi hatajua hata kwa nini kuna nakala. Kodi ikiingia kwenye mradi wenyewe, testi yake inailinda kila mtu anapobadilisha kitu.

Asante ingependeza, hapo nakubaliana na wewe kabisa. Sisi watunzaji tunapaswa kujirekebisha, maana wachangiaji wengi wazuri wanaondoka kwa sababu ya ukavu huo.

Leseni_Kwanza

Swali la mwisho limeachwa na ni zito. Kwa nchi nyingi, kodi unayoiandika kama sehemu ya kazi yako ni mali ya mwajiri, labda mkataba wako useme vinginevyo. Usome mkataba.

Miradi inalichukulia jambo hili kwa uzito. Linux ilianza kutumia mstari wa `Signed-off-by` mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuifungulia IBM kesi mwaka 2003 kuhusu kodi iliyodai imeingizwa humo. Ukiandika `git commit -s` unaweka jina lako kuthibitisha kwamba una haki ya kuitoa kodi hiyo chini ya leseni ya mradi. Python wao wanataka usaini makubaliano ya mchangiaji. Soma faili la `CONTRIBUTING` la mradi wako ujue wanataka lipi.

Muombe mkuu wako wa kazi ruhusa kwa maandishi, hata barua pepe ya mistari miwili. Mweleze alivyosema Fundi hapo juu: marekebisho yasipoingia, ofisi itayabeba yenyewe kila toleo. Wengi wakisikia hivyo wanakubali.

Mchangiaji_Mpya

Nawashukuru sana, nimeelewa mengi. Bi Semikoloni, ile ya alama za kunukuu nimeijaribu na kweli marekebisho yangu yameanguka, nilikuwa naiondoa BOM nikiwa nimeshachelewa. Nimehamishia mwanzoni. Bosi naye ameruhusu kwa barua pepe.

Sasa nifungue PR mpya au nibadilishe ile ile? Na akikaa kimya tena nisubiri mpaka lini?

Fundi_Terminali

Ile ile mkuu, mazungumzo yabaki sehemu moja. Tumia `git rebase -i`, inayokuruhusu kuzipanga upya komiti zako, bakisha komiti ya marekebisho na testi yake. Ya mpangilio itoe, na kabla hujaituma kivyake fungua tiketi uulize kama wanaitaka, maana miradi mingine haipokei mabadiliko ya mpangilio pekee.

Ujumbe wa komiti uandike kwa lugha ya mradi. Kichwa kifupi, chini yake ueleze mtumiaji anaona nini na kwa nini inatokea. Maelezo uliyotupa kuhusu safu ya "jina" yanatosha kabisa, yaweke hayo hayo.

Ukimaliza, sukuma (zipeleke komiti kwenye seva) kwa `git push --force-with-lease`, usitumie `--force` tupu. Kama mtunzaji ameongeza komiti kwenye tawi lako (mkondo wa komiti wa PR yako), ile ya kwanza itakataa badala ya kuifuta. Ila usifanye `git fetch` halafu ukasukuma bila kutazama kilichokuja, kwa sababu inalinganisha na ulichokivuta mara ya mwisho.

Kuhusu kusubiri, mwongozo wa Linux unasema angalau wiki 1 kabla ya kukumbusha. Mradi mdogo wa watu wanaojitolea, mpe 2. Kumbusha kwa sentensi moja ndani ya PR hiyo hiyo, umwambie umeshagawa na testi ipo.